Gundi Isiyoacha Alama

Msomaji, ukiondoka mjini Nakuru kwa njia iendayo Naivasha, ukapita Elmenteita, utauona mlima Eburru upande wako wa kulia. Si mlima mrefu wa kutisha, wala hauna theluji ya kuwavuta wapiga picha. Lakini ukipanda miteremko yake utakanyaga vipande vya jiwe jeusi ling'aalo, na ukiokota kimoja bila hadhari kitakukata kidole kama wembe. Jiwe hilo wataalamu huliita obsidiani. Kwa hakika si jiwe la kawaida, bali ni kioo. Zamani volkano za Bonde la Ufa zilitapika uji wa moto, na baadhi ya uji huo ukapoa upesi mno, hata chembe zake zisipate nafasi ya kujipanga kama zijipangavyo katika mawe mengine. Kitu kiyeyukacho na kupoa kwa namna hiyo ndicho tukiitacho kioo, kiwe kimetoka volkanoni au kiwandani.

Nataka tuzungumze juu ya kioo, na zaidi juu ya kitu ambacho vitabu vya historia havikitaji sana, yaani gundi. Huenda utasema, gundi nayo ina historia gani? Nakuomba univumilie kidogo.

Watu wa nchi hii walikijua kioo cha Eburru tangu zamani zisizo na hesabu. Wafugaji wa kale, ambao wataalamu wamewapa jina la Waelmenteita kwa kuwa athari zao zilitambulikana kwanza karibu na Elmenteita, walikitegemea kioo cha mlima huo mmoja kuliko kingine chochote. Miaka ya 1980 wataalamu walipima madini yaliyomo katika visu vya wafugaji hao na kuyalinganisha na madini ya vilima mbalimbali, wakaona kwamba vipande vilivyotoka Eburru vilisafiri zaidi ya kilomita 200. Watu waliochukua jiwe mwendo wa namna hiyo kwa miguu walijua thamani yake.

Lakini kipande chembamba cha kioo hakishikiki mkononi. Chakata upande huu na upande huu. Ilibidi kitiwe mpini wa mti au wa mfupa, na cha kukishikisha kilikuwa gundi. Huko Enkapune ya Muto, pango lililo katika ukingo wa Mau, magharibi ya ziwa Naivasha, vimepatikana vijiwe vidogo vya kale sana vyenye alama ya udongo mwekundu upande ule ulioingia mpinini. Yaaminika kwamba udongo huo ulichanganywa na utomvu wa miti ili gundi iwe ngumu isipasuke. Ashikilie vema jambo hili kila asomaye: gundi ya mpini hutakiwa ikae. Ikiondoka, mwindaji amepoteza kisu chake, na labda chakula cha jioni.

Sasa iko gundi ya namna ya pili, ambayo sifa yake ni kuondoka, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Katika pango hilohilo la Enkapune ya Muto zilipatikana shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, zipatazo umri wa miaka 40,000. Kumbe kujipamba si mambo ya jana. Baadaye sana, yapata miaka 3,000 iliyopita, watu waliokaa kando ya mto Njoro, karibu na Nakuru, walizika wafu wao pamoja na shanga za mawe ya rangi zilizotobolewa kwa subira ya ajabu. Lakini shanga za kioo hawakuzifanya. Kioo walikuwa nacho tele miguuni mwao, na moto walikuwa nao, mbona hawakukiyeyusha? Jibu liko katika tabia ya kioo chenyewe. Obsidiani yataka joto kali kuliko la moto wa kuni wa kawaida. Tena mara nyingi ndani yake mna maji kidogo yaliyonaswa tangu ilipopoa, na ikipata joto jingi, maji hayo hugeuka mvuke, na kioo huumuka kikawa povu. Ni kioo chema kwa kukatia, kibaya kwa kuyeyushia.

Kwa sababu hiyo shanga za kioo zilikuja kutoka ng'ambo. Kwanza zilitoka Bara Hindi, zikafika Shanga na Manda na Kilwa kwa jahazi. Karne nyingi baadaye zilitoka Venice na nchi ya Bohemia. Misafara ya Waswahili ilizipandisha bara hata Naivasha na Baringo kwa kubadilishana na pembe. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alilazimika kukaa Taveta watu wake wakizitunga upya shanga zake maelfu kwa maelfu, kwa maana Wamaasai hawakuzipokea ila zikiwa zimetungwa kwa urefu waliouzoea. Msichana wa Bondeni alizijua rangi za shanga na maana ya kila moja, lakini jinsi zilivyofanywa hakuijua, wala hakuwako wa kumwambia.

Je, Waafrika wote walikuwa wanunuzi tu? Hata kidogo. Huko Ife, nchi ya Wayoruba, walitengeneza kioo chao wenyewe tangu mchanga, karne nyingi kabla ya kufika Wareno. Kusini, karibu na mto Limpopo, watu wa Mapungubwe na majirani zao waliziyeyusha shanga ndogo zilizotoka pwani wakafanya shanga kubwa kwa kalibu za udongo. Katika Ghana, Wakrobo husaga chupa zilizovunjika, wakautia unga wake katika vishimo vya kalibu, na katikati ya kila kishimo wakasimamisha kijiti cha jani la muhogo. Moto ukiwaka, kijiti huungua chote, na mahali pake hubaki tundu la kupitishia uzi. Tazama werevu huo! Tundu limetobolewa na kitu kisichokuwapo tena.

Wakrobo hawahitaji gundi, kwa kuwa kalibu yao huushika unga mpaka mwisho. Lakini wanawake wa mji wa Kiffa, katika Mauritania, hawakutumia kalibu. Walisaga vioo vya rangi mbalimbali vikawa laini kama unga, wakaulowanisha unga huo hata ukawa rojo zito, wakaufinyanga kwa vidole, kisha wakachora juu yake mistari na macho madogo kwa ncha ya sindano, rangi juu ya rangi. Waliiweka shanga katika kopo dogo, mara nyingi kopo la samaki, wakalitia katika makaa. Shanga ya namna hiyo ni ndogo kuliko ukucha, nayo ina kazi ya siku nyingi.

Hapo ndipo swali la gundi linapozuka. Unga wa kioo si kama unga wa ngano au udongo wa mfinyanzi. Hauna mnato wowote. Ukiulowanisha kwa maji matupu utashikana maadamu una unyevu, lakini ukikauka, ukiugusa tu, waanguka kama mchanga wa pwani. Lazima kiwepo kitu cha kuzishika chembe zake tangu saa ile ya kufinyanga mpaka saa ile chembe zenyewe zitakapoanza kushikana kwa joto. Baada ya hapo kitu hicho hakitakiwi tena. Kikibaki chaharibu. Gundi ya shanga ni kama jukwaa la mwashi: nyumba ikisimama, jukwaa huondolewa, na mwashi aliyelisahau ukutani hapewi kazi tena.

Wanawake wa Kiffa walitumia vitu viwili: mate yao wenyewe, au gundi ya mgunga iliyoyeyushwa katika maji. Usicheke, msomaji. Mate yana ute, na ute huo ukikauka huacha ngozi nyembamba mno, yenye nguvu ya kutosha kushika shanga ndogo, lakini haba hata isiache kitu motoni. Na huko Ulaya, mafundi wa kupaka rangi za kioo juu ya shaba na dhahabu walichemsha mbegu za tunda moja la kwao lifananalo na pera, wakatumia ute wake kwa kazi ileile. Ute wa mbegu, ute wa mti, ute wa kinywa: hawakufundishana, lakini wote walilifikia jawabu moja.

Sababu yake ni hii. Gundi ya mgunga, kama uwanga na sukari, imejengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Ikifikia joto la digrii 250 hata 350 huvunjika; sehemu yake hutoka kama moshi na mvuke, na sehemu nyingine hubaki ikiwa makaa meusi. Makaa hayo nayo huendelea kuungua polepole, mpaka digrii 500 na zaidi, yakageuka hewa yakaenda zake, ikiwa tu hewa safi yaingia. Kioo cha chupa huanza kushikana chembe kwa chembe joto likipita digrii 600, na karibu na 700 hulainika. Basi iko nafasi ndogo, kama mlango ulioachwa wazi kwa muda, kati ya gundi kuisha na kioo kujifunga. Gundi njema ni ile iwezayo kupita mlango huo yote kabla haujafungwa. Ile ichelewayo hufungiwa ndani, na shanga hupata moyo mweusi au hujaa mapovu.

Haya niliyasoma, lakini kusoma si kuona. Mwaka mmoja, msimu wa masika, mimi na wanafunzi wangu wa ualimu tuliazimia kujaribu. Tulizisaga chupa za kijani kibichi katika kinu cha chuma, ndani ya maji, maana vumbi la kioo likiingia mapafuni halitoki, na midomo yetu tuliifunga vitambaa. Kisha tukagawana gundi.

Uji wa ngano ulishika vizuri kupita tulivyotazamia. Shanga zake zilipokauka uliweza kuziangusha mezani zisivunjike. Tukazishangilia mapema. Ute wa yai ulifanya povu tulipoukoroga, na povu hilo hatukuweza kuliondoa. Zaidi ya hayo ulinuka motoni kama nywele zilizoungua. Gundi nyeupe ya seremala ilitoa moshi wa kuwasha macho, tukaiacha. Kijana mmoja alitia udongo wa mfinyanzi, akisema kwamba wafinyanzi hawahitaji gundi nyingine. Alisema kweli kwa habari ya vyungu. Lakini udongo hauungui. Ulikaa palepale, na shanga yake ikatoka bila mng'ao, kama kokoto ya mtoni.

Asali ndiyo iliyotuchosha. Wengi waliitumainia, kwa kuwa asali ya Bondeni sifa zake zajulikana, nayo hunata kweli. Lakini asali huvuta unyevu wa hewa, na masika ya Nakuru yana unyevu wa kutosha. Siku ya tatu shanga zilikuwa bado majimaji, na siku ya nne siafu walizigundua. Zile tulizoziokoa tulizitia motoni, zikaumuka kama mandazi na kupasuka. Sukari ndivyo ilivyo: kabla ya kuungua huyeyuka na kuchemka, na kichemkacho hakiwezi kushika umbo la kitu.

Gundi ya mgunga niliinunua kwa mchuuzi aliyeitoa upande wa Baringo, ambako miti hiyo humea katika nchi kavu. Ilikuja katika madonge ya rangi ya kahawia nyepesi, yenye vipande vya maganda ndani yake. Tuliiloweka usiku kucha tukaichuja kwa kitambaa. Tulipoitia nzito, shanga zilijikunja zilipokauka, zikapata nyufa. Tulipoizimua hata ikawa kama maji yaliyooshea mchele, zilikauka zikiwa nzima. Nikajua tumeshinda.

Hatukushinda. Tuliziweka shanga katika kopo, tukalifunika kwa kigae ili majivu yasiingie, tukalizungushia makaa. Baada ya saa moja tulilifungua kopo, na zote zilikuwa nyeusi. Zile za ngano na zile za mgunga hukuweza kuzitenga. Wanafunzi walinitazama, kwa maana mimi ndiye niliyewaambia kwamba gundi ya mgunga haiachi alama.

Nilikaa na shanga zile mezani pangu siku kadhaa kabla ya kuelewa, na aliyenielewesha ni marehemu wa miaka 3,000. Nimekwisha kulitaja lile kaburi la mto Njoro. Lilichimbwa mwaka 1938 na Mary Leakey, na habari zake zilichapishwa mwaka 1950 pamoja na mumewe, Louis. Humo wafu walichomwa moto pamoja na vitu vyao: mabakuli ya mawe, shanga, visu vya obsidiani. Mawe yangepona kwa vyovyote. Ajabu ni kwamba vilipona pia vitu visivyopona kamwe: vipande vya kibuyu, vya kamba, na chombo cha mti kilichochongwa nakshi nzuri. Kama vingezikwa bila moto vingeoza. Kama vingechomwa mahali pa wazi vingekuwa majivu. Lakini vilichomwa vikiwa vimesongamana, hewa ikawa haba, vikageuka makaa. Na makaa hayaozi. Moto uliokosa hewa uliwahifadhia wajukuu umbo la uzi.

Ndivyo nilivyofanya mimi kwa kigae changu. Niliufunga mlango mapema, nikayahifadhi makaa ya gundi ndani ya kioo kama yalivyohifadhika makaa ya kibuyu. Mara ya pili tuliacha kopo wazi, tukalipasha joto polepole mpaka moshi ukaisha kabisa, tukangoja tena kidogo, ndipo tukalifunika na kuuchochea moto hata kopo likawa jekundu. Shanga za mgunga zilitoka kijani safi, ila kwa ukungu mwembamba, maana gundi hiyo huacha majivu kidogo. Na hata zile za ngano, tulipoupunguza uji, zilikuwa karibu sawa nazo. Kuchagua gundi, basi, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuichagua kiasi chake na kuipa wakati wa kwenda. Siku hizi mafundi wengi hutumia gundi iliyotengenezwa kwa selulosi, itokayo katika miti na pamba. Nayo huungua kwa usafi, lakini ukiifungia kigae itakuaibisha vilevile.

Sasa nirudi kwenye historia, kwa maana hapa pana jambo linalonisumbua. Mchimbaji wa mambo ya kale huishi kwa mabaki. Gundi ya mpini wa Enkapune ya Muto twaijua kidogo kwa sababu ilibaki. Kibuyu cha Njoro twakijua kwa sababu kilishindwa kuungua. Lakini gundi ya shanga, fundi akiwa hodari, haibaki. Kadiri mkono wake ulivyokuwa mzuri, ndivyo alivyotuachia ushahidi kidogo. Ukipewa shanga safi kabisa ya unga wa kioo, waweza kuipima uujue mchanga wake na soda yake. Lakini kama iliyeyushwa kwa mate au kwa ute wa mti, shanga haitakwambia. Shanga iliyoharibika, yenye moyo mweusi, ingekwambia zaidi. Lakini hiyo fundi aliitupa.

Kwa hiyo habari za mate na mgunga hatukuzipata ardhini. Tulizipata kwa sababu watu waliuliza. Mwaka 1949 Mfaransa Raymond Mauny aliandika habari za shanga za Kiffa, na wengine baada yake waliwaendea wanawake waliozifanya, wakawatazama na kuwasikiliza. Walifika kwa bahati, kwani miaka michache baadaye wazee wa kazi hiyo walikuwa wamebaki wachache mno, na ufundi wenyewe ulikaribia kufa. Wangechelewa kizazi kimoja, tungekuwa na shanga katika makabati ya makumbusho, na juu ya gundi tungebaki kubahatisha.

Wewe usomaye haya labda wakaa Rongai, au Molo, au Marigat. Nyumbani kwenu huenda yuko bibi ajuaye ni utomvu gani uliotiwa katika mpini wa kisu cha babu yake, au kitu gani kilichochanganywa na udongo ili chungu kisipasuke motoni. Likizo ijayo muulize, uandike maneno yake katika daftari kama alivyoyasema, pamoja na jina la mti kwa lugha yake, na uombe uonyeshwe mti wenyewe. Mimi shanga zangu nyeusi nimezitunga katika uzi, nazo zatundikwa ukutani mwa darasa. Kila mwaka wanafunzi wapya huniuliza kwa nini sikuzitundika zile za kijani.